Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Mpwapwa na darasa rafiki la Kent

Saa 11 alfajiri

Oktoba kwetu Mpwapwa ni mwezi wa vumbi. Mvua tuliiaga Aprili, mtama na alizeti vilishavunwa siku nyingi, na kwenye nyumba ambazo mavuno yalikuwa haba ghala limeanza kuonyesha sakafu. Naamka giza bado kwa sababu ya foleni ya maji. Ukichelewa bombani nusu saa tu unakuta madumu ya njano yamejipanga mpaka chini ya mbuyu, na kila dumu lina mwenyewe, hata kama mwenyewe amerudi kulala. Leo nimebahatika. Najaza madumu mawili, naoga, nachemsha chai, nakula kiporo cha viazi vitamu, natoka.

Mimi ni mwalimu katika shule ya msingi ya serikali, kijijini, wilaya ya Mpwapwa mkoani Dodoma. Nafundisha Kiingereza darasa la sita na Sayansi darasa la nne na la sita. Juu ya hayo nina kazi nyingine ambayo haina posho wala haimo kwenye barua yangu ya ajira: kuratibu urafiki wa shule yetu na shule moja ya kanisa huko Kent, kusini-mashariki mwa England. Watu wakisikia hivyo wanadhani kazi yenyewe ni kupokea maboksi ya nguo na kupiga picha na wageni. Nimeona niandike siku moja nzima, Alhamisi ya wiki iliyopita, mjionee wenyewe.

Saa 12 na nusu asubuhi

Njiani kwenda shule ni salamu mlango hadi mlango. Kwa wazee hapa hupiti kimya, “Mbukwenyi” kwanza, halafu habari za mifugo, halafu ndiyo unaruhusiwa kuendelea.

Ukitaka kujua kijiji cha Wagogo kimepataje urafiki na Kent, anza na kanisa lililo ng'ambo ya kiwanja chetu cha mpira. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza, walifungua kituo Mpwapwa katika miaka ya 1870, kwenye njia ile ile ya misafara iliyotoka pwani kuelekea Tabora na Ujiji. Shule yetu ilizaliwa na misheni. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, shule za misheni zikachukuliwa na serikali, yetu ikiwemo, kanisa likabaki na kengele yake. Dayosisi ya Anglikana ya Mpwapwa, ambayo askofu wake wa kwanza, Simon Chiwanga, aliwahi kuwa waziri wa elimu chini ya Mwalimu Nyerere, ina undugu wa miaka mingi na Dayosisi ya Rochester, na Rochester ndiyo yenye makanisa na shule za magharibi mwa Kent. Kasisi wa huku alifahamiana na kasisi wa kule, kasisi wa kule anakaa kwenye bodi ya shule, mambo yakaanzia hapo.

Barua ya kwanza iliposomwa kwenye kamati ya shule, mzee mmoja aliuliza kama hao wa shule ya kanisa wanataka kuirudisha shule yetu mikononi mwa kanisa. Mama mmoja, Mwislamu, akauliza kama mwanawe atabatizwa. Nayaona ni maswali ya haki kabisa. Nilijibu kwa kueleza shule za kanisa za kule zilivyo, na mpaka leo kuna walimu wenzangu hawaniamini: zinagharamiwa na serikali. Karibu robo ya shule za msingi za England ni za Kanisa la England, mishahara ya walimu inatoka serikalini, mzazi halipi ada, na mtoto wa dini yoyote anaweza kuwemo darasani. Ibada ya pamoja ya kila siku wanayo, lakini hiyo ni sheria ya huko hata kwa shule za umma zisizo za kanisa.

Kwa hiyo si shule ya matajiri. Mwalimu mwenzangu wa kule, ambaye siku hizi tunaitana dada, ananunua gundi na penseli za rangi kwa hela yake mfukoni, kama mimi ninavyonunua chaki za rangi na manila. Aliponiambia hivyo nilimwuliza mara mbili kama nimemsikia vizuri.

Saa 1 na nusu asubuhi

Mstarini. Mwalimu wa zamu anakagua kucha, wanafunzi wanaimba wimbo wa taifa, kiranja mkuu anatoa taarifa ya waliochelewa kana kwamba anasoma taarifa ya habari. Darasa la saba walimaliza mtihani wao Septemba, chumba chao kiko wazi. Hilo ni muhimu kwangu, maana ndicho chumba chenye soketi ya umeme inayofanya kazi.

Mwalimu mkuu ananisimamisha mlangoni. “Mwalimu, upimaji wa darasa la nne ni mwisho wa mwezi. Huo uzungu wako usile vipindi vyao.” Namwambia hautakula, ni wa darasa la sita. Anatikisa kichwa, lakini nakuta ameshaagiza chumba cha darasa la saba kifagiliwe na kumwagiwa maji vumbi litulie. Ndivyo alivyo.

Darasa la nne ninalo mpaka uji. Tunarudia mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Sina cha kusimulia hapo zaidi ya kwamba kuna mtoto ameandika kwamba utumbo mwembamba ni wa watu wembamba, na nimempa alama ya ubunifu kimoyomoyo.

Saa 4 asubuhi

Uji. Wazazi wanachangia mahindi na karanga, sisi tunachangia kuni na usimamizi. Mwezi kama huu michango hupungua, na uji unakuwa mwepesi kiasi kwamba unaona kitako cha kikombe. Wapo wanaosema tungewaomba Kent walipie uji. Mimi na mwalimu mkuu tumelikataa hilo, na tumelieleza kwenye mkutano wa wazazi: uji wa kila siku ukitegemea mfuko wa watoto wa England, siku dada yangu akihamishwa shule, watoto wetu wanashinda njaa. Uji ni wetu. Mambo ya kusaidiana yawe yale ambayo yakikatika hakuna anayelala na njaa.

Nakinga uji huku naandaa mitambo. Mitambo yenyewe ni kishikwambi, katika vile ambavyo serikali iliwagawia walimu baada ya Sensa ya 2022, spika ndogo ya kuazima kwa kijana wa kwaya, na bando la mtandao nililonunua jana jioni. Fedha ya bando inatoka kwenye mfuko wa urafiki, na vocha naiandika daftarini. Mtu asiseme baadaye kwamba mwalimu alikuwa anatazama tamthilia kwa hela ya watoto.

Saa 5 na nusu asubuhi

Kule ni saa tatu na nusu asubuhi, maana wakati wao wa kiangazi haujaisha. Darasa la sita wamejibana kwenye chumba cha darasa la saba, wadogo kwa umbo mbele, warefu nyuma, wengine dirishani kwa nje japokuwa nimewafukuza. Ukutani tumebandika manila yenye safu mbili: Mpwapwa na Kent. Chini yake miezi, na mbele ya kila mwezi milimita za mvua.

Hadithi ya manila hiyo ni hii. Tulipoanza, dada wa Kent alikuwa na mada kwenye mtaala wao kuhusu maisha ya kijiji cha Afrika, akataka picha za nyumba zetu, jiko letu, tunavyochota maji. Nikamwuliza, je, na wangu wasome maisha ya kijiji cha Kent, mtutumie picha za majiko yenu na bibi zenu wakiosha vyombo? Alicheka, halafu akakaa kimya kidogo, halafu akasema amenielewa. Tukatafuta kitu ambacho watoto wa pande zote mbili wanaweza kukipima kwa mikono yao, bila upande mmoja kumtazama mwingine kama onyesho. Tukakubaliana juu ya mvua.

Kipima mvua chetu ni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Unaikata sehemu ya juu, unaigeuza kichwa chini na kuichomeka kwenye kipande cha chini iwe faneli, unabandika rula ubavuni. Tatizo ni kitako, kwa sababu chupa za soda zina miguu, maji ya kwanza hujificha kwenye mashimo. Watoto wakagundua wenyewe kwamba ukitia changarawe na maji mpaka pale ubavu unaponyooka, na sifuri ya rula ikaanzia hapo, unapata kipimo cha kweli. Dada alinipigia simu kuuliza tulifanyaje, kwa sababu za kwao zilikuwa zinakataa kulingana.

Kilichowashangaza wote ni jumla. Kila mtoto wa huku aliamini Uingereza inanyesha mara kumi ya kwetu. Kumbe upande ule wa Kent, ambao wenyewe wanauita bustani ya England kwa matufaa yake, hupata kiasi cha milimita 600 hadi 700 kwa mwaka, na Mpwapwa wastani wetu uko humo humo. Tofauti ni mgawanyo. Wao wanapewa kidogo kidogo kila mwezi, hakuna mwezi wanaonyimwa. Sisi tunamwagiwa yote kati ya Desemba na Aprili, Novemba mwishoni tukiwa na bahati, halafu mlango unafungwa. Kijana mmoja wa darasa la sita alilitazama jedwali lile muda mrefu, akasema, “Kwa hiyo Madam, sisi hatuna uhaba wa mvua. Tuna uhaba wa pa kuiweka.” Mimi nimefundisha Sayansi miaka yote hiyo na sijawahi kulisema vizuri kiasi hicho.

Basi, picha inatokea. Kelele pande zote mbili. Wao wanasema “Habari za asubuhi” kwa sauti ya pamoja, wangu wanajibu “Good morning” iliyokaririwa tangu darasa la tatu. Kisha zinasomwa takwimu za Septemba. Msichana wa Kent anasoma za kwao siku kwa siku. Wa kwetu anasimama, anashika karatasi, anasema, “September. Zero.” Anageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma. “October, until today. Zero.” Darasa la Kent linapiga ukelele wa mshangao. Miezi ya kwanza wangu waliona aibu kusoma sifuri, kana kwamba wamefeli mtihani. Sasa wanaisoma kwa mbwembwe.

Hapo ndipo mvulana mmoja wa Kent, mweupe mwenye nywele nyekundu na kidomodomo, anaposema kwamba sababu ya wao kupata nyingi pengine ni chupa yao, kwa kuwa wamebadilisha na kuweka kubwa zaidi. Dada anatabasamu, hasemi kitu. Nami nanyamaza. Pale mbele kuna binti yetu, wa tatu katika familia ya wafugaji, Kiingereza chake bado cha kutafuta, kwao wanaongea Kigogo na Kiswahili amekijua shuleni. Anainua mkono. Anasema, “No. Big bottle, big mouth.” Anakosa maneno, ananitazama, natikisa kichwa kumruhusu. Anaendelea kwa Kiswahili, mimi natafsiri: chupa kubwa inakinga maji mengi, lakini mdomo wake ni mpana na tumbo lake ni pana vile vile, kwa hiyo maji yanatandazwa, kina kinabaki kile kile. Anaeleza kwamba msimu uliopita waliweka nje sufuria iliyonyooka ubavu, kopo la rangi na ndoo ndefu, mvua moja, kina kikawa sawa, ila ndoo iliyopanuka juu ilidanganya. Kisha anaongeza kwa Kiingereza chake mwenyewe, “Bucket is a liar.”

Wale wa Kent wanaangua kicheko, yule mvulana naye anacheka, na dada anamwambia aandike ubaoni. Namwona anaandika. Nakiri sikumtazama mtu usoni kwa muda kidogo.

Maswali mengine yanakwenda mbio. Mnakunywa nini wakati wa sifuri? Maji ya bomba yakitoka, yasipotoka tunachimba korongoni. Je, mnajuaje kwamba mvua inakaribia? Hapo wanagombania kujibu: mbuyu unaanza kuchipua kabla ya tone la kwanza, upepo unabadili upande, babu anaanza kunoa jembe. Sisi tunauliza: maji ya paa la shule yenu yanakwenda wapi? Kimya. Inaonekana yanaingia kwenye mfereji chini ya lami. Darasa zima la sita linasikitika kama waliosikia habari ya msiba. Tangu swali hilo lilipoulizwa mara ya kwanza, muhula uliopita, wale watoto walimsumbua mkuu wao mpaka wakawekewa pipa la kukinga maji ya bustani, na leo wametuonyesha likiwa limejaa.

Mwishoni binti mwingine, aliyefunga hijabu yake vizuri kwa ajili ya siku hii, anauliza kuhusu mvulana aliyekaa pembeni mwenye kitambaa cheusi kichwani. Nilitaka kumzuia, nikaona dada ameshamwachia mwenyewe ajibu. Mvulana anasema yeye ni Singasinga, nywele zake hazikatwi, ndiyo maana anazifunga. Kisha anasema kitu ambacho nusura kiangushe chumba: bibi yake alizaliwa Kenya, Nakuru, na huwa anamkaripia kwa Kiswahili. Anakaripiaje? Mvulana anavuta pumzi, anasema, “Wewe! Kaa chini!” Darasa la sita lote, waliosimama na waliokuwa dirishani, likakaa chini.

Mtandao ukakatika hapo hapo. Hatukurudi tena.

Saa 7 mchana

Watoto wameondoka kwenda kipindi kingine, mimi nabaki na barua ya kujibu, na hii imenikalia kooni tangu Jumatatu.

Septemba na Oktoba makanisa na shule za kanisa za England zina sikukuu ya mavuno. Watoto wanaleta vyakula vya makopo vinavyopelekwa kwa wenye shida wa mji wao wenyewe, na sadaka ya fedha mwaka huu itagawanywa, sehemu itakuja kwetu. Jambo jema. Ila mtu mmoja anayesaidia kuandaa tangazo, si mwalimu, aliandika kuomba picha ya watoto wetu “wakiwa na vikombe vitupu”. Nilisoma mara kadhaa nione kama nimeelewa vibaya.

Suala la picha tulishalipitia na dada mwaka jana, tena lilitoka kwangu. Picha zao zote zilizokuwa zinakuja zilikuwa za migongo, mikono, visogo. Nilidhani ni mtindo. Kumbe kule shule haibandiki sura ya mtoto mahali popote bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na wengine hawaitoi. Wakati huo huo ukuta wao wa korido ulikuwa umejaa sura za watoto wetu, majina yakiwa chini yake, mmoja wao akiwa na kamasi. Nilimwandikia dada bila kuzunguka: mzazi wa huku naye ni mzazi. Hakujitetea. Picha zilishuka wiki hiyo hiyo. Tukatengeneza fomu moja, ya Kiswahili na Kiingereza, masharti yale yale pande zote, hakuna majina, hakuna kurekodi mazungumzo ya video, na mzazi asiyejua kusoma anasomewa mbele ya mjumbe wa kamati. Wapo waliokataa. Baba mmoja alikataa kwa sababu tu, alisema, ni mara ya kwanza kuulizwa akaona afurahie kukataa.

Kwa hiyo leo najibu kwa adabu. Nawaeleza kwamba Oktoba kwetu si wakati wa mavuno, mavuno yetu ni Mei hadi Julai, na kwamba wakitaka picha ya mavuno nitawatumia ile ya Juni ya magunia ya alizeti na wanakijiji waliokubali kupigwa wakiwa wamesimama juu yake. Vikombe vitupu sitapiga. Nikaambatanisha na picha ya simtanki letu. Mwalimu mkuu akaisoma barua, akaongeza kwa mkono wake chini: “Karibuni mwaka ujao mwezi wa sita mle ugali wa mtama na mlenda.” Naye ana lugha yake ya kukasirika.

Saa 8 na nusu mchana

Fundi wa gata amefika na bati zake juu ya pikipiki, jambo ambalo peke yake lingestahili makala. Wajumbe watatu wa kamati wapo kivulini kuhakikisha idadi. Simtanki la lita 5,000 liko tayari tangu mwaka jana upande wa darasa la sita na la saba. Fedha za tanki zilitoka Kent. Msingi wa mawe chini yake ni wa wazazi, walibeba mchanga na mawe wenyewe na kumlipa fundi mwashi. Sasa tunaongeza gata upande wa pili wa paa kabla ya Novemba kuisha.

Hesabu ya paa waliifanya darasa la sita. Urefu mita 18, upana mita 8, eneo mita za mraba 144. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita 1,440, na tanki linajaa kwa milimita zisizofika 40 hata ukitoa yanayoruka pembeni. Mvua mbili nzuri za Desemba, basi. Yanayobaki yote ya msimu yanamwagika kwa kukosa tanki la pili. Hilo la tanki la pili liliandikwa na watoto wenyewe kwenye barua kwa Kent na nakala kwa mwenyekiti wa kijiji, nami nikasisitiza nakala ya mwenyekiti iende kwanza.

Fedha zikija hazipiti mkononi mwangu, nasema hili kwa wanaoniuliza nimejenga lini. Zinatoka Rochester, zinafika ofisi ya dayosisi, zinaingia akaunti ya shule, kamati inakaa na kuandika muhtasari, bei zinaombwa kwa zaidi ya fundi mmoja, stakabadhi zinabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na ruzuku ya serikali, ile ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka ambayo sehemu yake huwa ya vitabu. Inachosha. Lakini ubao ule umemaliza minong'ono mingi kuliko mikutano.

Kuhusu maboksi: tuliomba yasije tena. Boksi la mwisho lilikuwa na vitabu vizuri, makoti ya baridi kali na viatu vya mpira vya matope, na gharama ya kulitoa kule hadi kulitoa bandarini ingenunua vitabu vya kiada vya darasa zima pale Dodoma mjini. Makoti tumewapa walinzi wa usiku. Viatu vya mpira, kwa kweli, vinagombaniwa kila masika.

Saa 10 jioni

Afisa elimu kata amepita na pikipiki yake, anataka taarifa ya robo mwaka ya shughuli za urafiki kesho asubuhi. Kwao Kent nako wakaguzi wa shule za kanisa wanauliza watoto wanajifunza nini kuhusu haki na ulimwengu. Dada aliniomba ruhusa kabla ya kuwaonyesha jedwali la mvua. Mimi nitaweka jedwali hilo hilo kwenye taarifa ya kata. Nadhani ni kazi pekee ya mwaka huu itakayosomwa na wakaguzi wa nchi mbili, na mwandiko ni wa mtoto wa miaka 12.

Nyuma ya ofisi wasichana wanafanya mazoezi ya muheme. Kent waliomba kusikia ngoma yetu kwenye hafla yao ya mwisho wa mwaka, nasi tumesema tutatuma sauti bila sura. Mama wa kijijini anayewafundisha hataki mchezo, ngoma inabanwa katikati ya mapaja na mapigo hayakosewi. Nimekaa kwenye jiwe nikasahihisha madaftari mpaka mkono ukafuata mapigo na kuanza kupiga alama za vyema mahali pasipostahili.

Saa 3 usiku

Nimekula, umeme upo, naandika ujumbe kwa dada. La kwanza ni saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao wanarudisha saa zao nyuma, halafu wana likizo fupi ya katikati ya muhula. Tukirudi Novemba, saa tatu na nusu ya kwao itakuwa saa sita na nusu ya kwetu, jua likiwa utosini, chini ya bati, katikati ya kipindi cha Hisabati cha mwalimu asiyependa kuombwa. Namwomba waanze mapema kadiri wanavyoweza. Anajibu ndani ya dakika chache kwamba atahamisha ibada ya asubuhi, kasisi amekubali.

La pili ameanzisha yeye. Amezungumza na mama wa yule mvulana wa kilemba. Bibi wa Nakuru amesema atakuja shuleni Novemba, hajaongea Kiswahili na mtu asiye wa familia kwa miaka mingi, na anauliza wanangu wamwulize nini ili ajiandae. Nikawarushia swali hilo watoto kwa kupitia kundi la wazazi, na majibu yameanza kuingia, mengine kwa sauti, mengine yameandikwa na kaka zao. Nimeyanakili kama yalivyo, maana safari hii hakuna haja ya kutafsiri:

Bibi, shikamoo. Nakuru kulikuwa na mbuyu?

Bibi, ulipofika Ulaya mara ya kwanza uliogopa nini?

Bibi, shikamoo. Mjukuu wako ni mtiifu au tumwambie mwalimu wake?

Bibi, paa la nyumba yako lina gata?

Na la binti wa ndoo, limeingia sasa hivi, limeandikwa kwa simu ya baba yake: Bibi shikamoo, mwambie yule mwenye nywele nyekundu nimemletea swali lingine, ila hili ni gumu.